Mashine ya Nairobi Haijibu

Mtaa wa West Indies, Eldoret
4 Machi 1990

Jemutai mpenzi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo soma polepole.

Ile kazi aliyoianza yule mtaalamu Mdenmaki sasa ni yangu. Mwenyewe amerudi kwao. Ameniachia sanduku la disketi kumi na moja na karatasi moja inayosema kila kitu ni rahisi. Sasa wacha nikuambie urahisi wake. Programu yenyewe imekuja mbichi. Si ya kuwasha na kutumia. Ni maandishi matupu, vile watu wa chuo fulani huko ng'ambo waliyaandika, na wewe unaikompaili, yaani unaigeuza iwe lugha ya mashine yako, mpaka iive, kama githeri. Ijumaa nimeiweka motoni ikanitolea makosa mia mbili na kumi na manne. Jana nikayapunguza mpaka themanini na tisa. Leo, badala ya kwenda kanisani, nimefika sita, na hayo sita yamekataa kuhama kama wapangaji wa mtaa wa Huruma.

Ikiiva, itakaa hapa Eldoret na kuzipigia simu mashine zetu zote: ya Kitale, ya Nakuru na hiyo yako ya Nairobi. Inauliza, uko? Mashine inajibu, niko, nimewashwa tangu saa fulani. Isipojibu, inaandikwa imekufa. Basi. Kazi yote ambayo Shirika la Mbegu limekupeleka wewe Nairobi uifanye kwa macho, kukaa kwa godauni kando ya kompyuta uangalie kama inapumua, programu inaifanya kwa waya.

Nimekufungia ukurasa wa hayo makosa sita, kwa sababu wewe ndiye uliyesomea mambo haya darasani. Mimi nimetengeneza redio kwa kibanda cha mabati miaka saba, nikajifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, na mpaka leo kwenye mikutano naitwa "yule fundi wetu". Sawa tu.

Kitanda chetu ni futi sita kwa tano. Natumia theluthi moja. Hesabu iliyobaki fanya wewe.

Wako,
Gichuru


Industrial Area, Nairobi
12 Machi 1990

Gichuru wangu,

Nimesoma polepole kama ulivyoagiza, lakini kwa wapangaji nimeshindwa, nimecheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Makosa yako si sita. Ni moja linalopiga kelele mara sita. Programu inatafuta kipande fulani mahali mashine ya Mdenmaki ilikuwa inakiweka, na sisi chetu kiko kwa saraka nyingine. Ni kama mgeni aliyeingia jikoni kwako na kutafuta chumvi kwa rafu ya mama yake. Fungua ile faili inayoitwa Makefile, juu kabisa, umwonyeshe chumvi ilipo. Kisha anza upya kutoka mwanzo, usiendelee pale ulipoachia.

Mama alikuja kuniona wiki jana. Nikamweleza kuhusu programu yako, akasema hiyo kitu si mpya. Kwetu mtoto akizaliwa akina mama wanaita majina ya wazee waliolala, moja baada ya lingine, na kurudia, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo lake. Sasa Mama anauliza kama mashine zako pia zinapiga chafya. Nikamwambia bado, kuna makosa sita.

Habari nyingine ninayo, lakini ni ya Pasaka, si ya karatasi.

Na Mzee, baba yako, je? Burnt Forest si mbali. Mtu anaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.

Wako wa theluthi mbili,
Jemutai


Shirika la Mbegu, Eldoret
3 Mei 1990

Kwa Meneja,
Bi. Nanzala.

KUH: UHAMISHO WA BI. HELLEN JEMUTAI

Kwa heshima naomba mke wangu arudishwe Eldoret kutoka godauni la Nairobi.

Sababu ya kwanza, programu ya kuangalia mashine sasa inafanya kazi. Niliikompaili mwenyewe na kuipanga mwenyewe. Wiki mbili hizi imeziuliza mashine zote tatu kila nusu saa ya kazi, na hakuna haja tena ya mtu kuketi kando ya yoyote.

Sababu ya pili, Mungu akipenda, Novemba tutapata mtoto wetu wa kwanza. Sipendi azaliwe baba yake akiwa kilomita mia tatu na kumi mbali naye.

Ni mimi,
Gichuru Mburu
Fundi Mitambo


Shirika la Mbegu, Eldoret
9 Mei 1990

Bw. Gichuru,

Hongera kwa yote mawili.

Wakubwa hawaamini programu ambayo haikununuliwa dukani. Nimewasihi, na wamekubali hivi: Juni yote, mashine ya Nairobi iwe inajibu. Ikipita mwezi mzima bila kuandikwa imekufa, Bi. Jemutai atahamishwa. Ikianguka hata mara moja, abaki huko, na mwakani tutaongea tena.

Sharti la pili. Yeye asijue kwamba kuna mtihani wala kwamba mashine yake inapigiwa simu mchana. Akijua, watasema aliibeba mgongoni.

Najua kumnyamazia mke si rahisi. Mimi nimeolewa.

R. Nanzala


West Indies, Eldoret
20 Mei 1990

Mama mtoto,

Nalifanyia mazoezi hilo jina. Nimeliandika mara tatu kabla ya kuanza barua.

Programu imeiva. Ulisema kweli, ilikuwa chumvi. Nimeandika faili ya maagizo, yaani ni mashine gani ziulizwe na kwa namba gani ya simu, na mengine nimeyaacha vile yalivyokuja. Mashine yako iendelee kuleta ripoti yake jioni kama kawaida. Wewe kunywa sana maziwa na usibebe kitu. Na hiyo laini ya godauni, ambayo ni ya mashine, usiitumie kuzungumza na mtu. Unajua sheria.

Kuhusu Mzee, usiniulize tena, tafadhali. Nilimwandikia kabla ya harusi yetu kwamba nimepata mke, ni Mnandi, na naomba baraka zake. Barua moja, kurasa nne. Hakujibu. Harusini upande wangu ulikuwa na viti arobaini, na kimoja kikabaki wazi, kile cha mbele. Kwangu hiyo imekwisha. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Huyu wetu atachukua la mtu anayejibu barua.

Nina jambo ninalolingoja, ila sitakuambia. Wewe lala mapema.

Gichuru


Industrial Area, Nairobi
17 Juni 1990

Baba mtoto,

Na mimi nafanya mazoezi.

Mtoto ameanza kugonga. Anagonga nikila maharagwe, na anagonga simu ya godauni ikilia. Nafikiri atakuwa fundi kama wewe, asiyependa makelele ya bure.

Hapa joto si sana, kazi si nyingi. Mashine iko sawa, siiachi. Mchana nakula ugali na mboga hapohapo mezani, mlinzi anaweza kukuapia. Nimefuma fulana ndogo mbili, moja imekuwa kubwa kama ya mtoto wa miaka minne, lakini atakua tu.

Nikuulize, Mzee wako alikuwa anapenda nini ulipokuwa mdogo? Sijakuuliza habari zake, nimekuuliza tu alikuwa anapenda nini. Ni kweli alikuwa akikuchukua kuangalia ndege zikinyunyizia ngano dawa, mkisimama barabarani mpaka giza?

Jambo unalolingoja na mimi nina langu. Tutaona la nani litatoka kwanza.

Jemutai


West Indies, Eldoret
26 Juni 1990

Jemutai,

Leo sina utani.

Juni yote mashine yako imekuwa ikipigiwa simu kila nusu saa, na hukuambiwa. Ulikuwa mtihani. Mashine ingejibu mwezi mzima, ungerudi nyumbani. Hilo ndilo jambo nililokuwa nalingoja. Nilikatazwa kukuambia nikanyamaza, na kunyamaza huko kumenikondesha.

Sasa tazama. Kitale imejibu siku zote, pamoja na mvua yao. Nakuru imejibu. Nairobi haijibu saa saba na nusu, Jumanne na Ijumaa. Jumanne na Ijumaa, wiki baada ya wiki, na saa nane inajibu tena kama kwamba hakuna kitu. Stima haipotei kwa ratiba, Jemutai. Mashine haifi kwa ratiba. Mtu ndiye huwa na ratiba.

Umeniandikia kwamba huiachi. Mlinzi angeniapia. Unaizima uende wapi? Sitaki kufikiri, lakini mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu ikikataa kufunga usiku silali. Nimekufungia ukurasa wa faili ya maagizo na ripoti ya mwezi, usiseme nimeota.

Na huyo aliyekuambia habari za ndege za ngano ni nani? Mimi sijawahi kukusimulia.

Bi. Nanzala ameiona ripoti. Alifunga tu faili.

Gichuru


Eldoret
11 Julai 1990

Jemutai wangu,

Sijapata barua kutoka kwako, na baada ya ile niliyokuandikia sishangai. Lakini tangu Jumamosi siyo barua ninayoitafuta.

Yanayosemwa kuhusu ghasia za Nairobi sitayaandika. Bahasha siku hizi ni nyembamba, hata wasioandikiwa husoma. Nilisikia tu kwa watu waliotoka huko kwamba barabara zimefungwa, na kwamba upande wenu pia kulikuwa na moshi. Nikapiga simu nyumbani kwa mwenye nyumba wako, hakuna. Nikampigia shemeji yako Stephen, hakuna.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Programu ikauliza, uko? Nairobi haijibu. Nikakaa hapo mpaka jioni. Kila nusu saa inauliza, kila nusu saa haijibu, na mimi niliyekuwa naihesabia makosa sasa naisihi kama mtu aliye kanisani. Jumanne haijibu. Bi. Nanzala aliniletea chai akaketi kando yangu, na ile picha ya Mtukufu Rais ukutani ikitutazama sote wawili.

Leo Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, imejibu. Inasema: niko, nimewashwa dakika nne zilizopita. Jemutai, hiyo mashine haiwaki yenyewe. Lazima mtu apitishe mkono nyuma na kuibana ile swichi mbovu kwa kidole gumba, na katika nchi hii anayeijua namna ya kuibana ni wewe peke yako.

Nililia mbele ya meneja. Andika hiyo pia katika ripoti.

Sitaki tena kujua ulikuwa wapi Jumanne na Ijumaa. Dakika nne. Hizo zimenitosha.

Gichuru wako


Industrial Area, Nairobi
13 Julai 1990

Gichuru,

Barua yako ya hasira imenifikia leo. Ilikaa posta na nyingine zote. Mimi ni mzima, na anayegonga ni mzima. Siku tatu tulikuwa ndani, mwenye nyumba alifunga lango kwa mnyororo. Mengine tutaongea kwa mdomo.

Sasa kaa chini, kama hujakaa.

Sikuwahi kuizima mashine. Nilikuwa nazungumza kwa simu ya godauni. Sikuipiga, nilipigiwa. Na aliyekuwa ananipigia ni baba yako.

Mwezi wa Mei nilimpigia kutoka kibanda cha simu pale Posta, dukani kwake. Nikamwambia mimi ni mke wa Gichuru, utapata mjukuu Novemba, na nikamwachia namba ya hapa kama mtu mwenye wazimu. Alikata simu. Wiki ya pili simu ikalia nikila. Sauti ikasema, "Wewe ndiye wa kijana wangu? Unakula nini saa hii?" Nikasema ugali na mboga. Akasema, "Mboga peke yake? Hiyo si chakula ya mtu wawili." Basi. Tangu hapo ni Jumanne na Ijumaa, siku anazofunga duka mchana, na akishika simu anaongea kama analipwa. Ndege za ngano amenisimulia yeye, na vile ulivyomvunjia redio ukiwa na miaka tisa na kuitengeneza kabla hajarudi, ukidhani hajui. Alijua. Ulibakisha skrubu moja. Anayo mpaka leo.

Sikukuambia kwa sababu alinikataza, na wewe ulikuwa umeshanikataza nisimtaje. Nyinyi wawili mmefanana sana, hata katazo ni lile lile.

Kosa la kuishika laini ya mashine ni langu, sikatai. Lakini nimesoma pia ushahidi ulionifungia. Mstari wa tisa wa faili yako ya maagizo: idadi ya kujaribu, moja. Moja, Gichuru? Programu inapiga simu Nairobi mara moja, ikikuta laini ina mtu inaandika mashine imekufa? Wewe ukitaka kunipata hapa kutoka Eldoret unapiga mara ngapi? Labda huko walikoiandika mtu hupiga mara moja akapata. Hapa kwetu nani amewahi? Hata Mama na majina yake hurudia.

Na kuhusu barua ile ya kurasa nne, nimemwuliza. Anasema aliipata, akaiweka chini ya kopo lake la ugoro, akangoja ya pili. Anasema kwenu mtu anayeomba jambo kubwa haambiwi kitu siku ya kwanza. Anaachwa aende, na akirudi ndipo inajulikana anataka. Wewe ulijaribu mara ngapi?

Mimi sigombani. Nakuonyesha tu mstari wa tisa.

Jemutai


Eldoret
2 Septemba 1990

Kwa Mzee Zachariah Mburu,
Burnt Forest.

Baba,

Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza nilikuandikia miaka mitatu iliyopita, na uliponyamaza nikaandika moyoni kwamba imekwisha. Nilikosea kuhesabu. Nilidhani ukimya ni jibu.

Nina programu kazini ambayo ilikuwa na kasoro hiyohiyo, na niliyeiacha hivyo ni mimi. Nimefungua maandishi yake, nikaibadilisha na kuikompaili upya. Sasa ikikosa jibu inangoja dakika kumi na kuuliza tena, mpaka mara tano, ndipo iseme lolote juu ya mtu. Meneja wetu nilimweleza yote, pamoja na simu za Jumanne na Ijumaa. Alicheka, akaniambia mwezi wa Agosti uwe mtihani mpya mbele ya wakubwa wake, na kwamba Mzee wa Burnt Forest apige simu kama kawaida, ili tuone kama programu imepata adabu. Ulipiga. Mashine ya Nairobi haikuandikwa imekufa hata mara moja.

Kwa hivyo Jemutai anarudi nyumbani tarehe kumi na tano. Tunaishi West Indies, nyumba ya tatu baada ya bomba, mlango wa kijani. Ninaomba baraka zako kwa ndoa yangu, kama nilivyoomba, na ninaomba uje.

Usipojibu nitaandika ya tatu. Kisha ya nne na ya tano. Baada ya hapo nitakuja mwenyewe na kusimama dukani mpaka uniuzie kitu.

Mwanao,
Gichuru


Burnt Forest
7 Septemba 1990

Gichuru,

Barua ya pili nimepata. Ya kwanza pia ninayo, imekuwa na harufu ya ugoro lakini inasomeka. Ilikuwa barua nzuri. Ilikuwa refu.

Nitakuja tarehe kumi na tano. Nitaleta kondoo, na gunia moja ya viazi, na ile skrubu yako. Huyo msichana asipike mboga peke yake. Mwambie mimi nimesema.

Watu wake ninataka kukutana nao kwa njia inayofaa, si kwa simu. Jambo hilo ni deni yangu, nitalifanya na wazee wawili kabla mtoto hajazaliwa.

Sasa hii ya jina. Wewe unajua kwetu jina la kijana wa kwanza ni la nani, sina haja ya kukumbusha mtu. Lakini Jemutai ameniambia kwao majina yanaitwa moja moja mpaka mtoto apige chafya. Hiyo ni sawa, kila nyumba na desturi yake, na mimi siwezi kuingilia. Waambie akina mama waite wazee wao wote waliolala, wasiruke hata mmoja, wasiharakishe. Wakimaliza hao, waite na jina langu, mimi niliye macho.

Mimi nitakuwa nimeketi tu hapo karibu na mtoto, kimya, na kopo langu la ugoro.

Baba yako,
Z. Mburu